Sikio Lilipokuja Kuposa

Mimi ndiye niliyevumbua muziki wa kwenye simu. Andikeni hivyo. Kabla yangu watu walikuwa wakipigiana simu kuulizana hali na kudanganyana kwamba wako njiani. Nilipokuja mimi, simu ikaimba. Haya, Siwatu, usivimbe, utapasuka. Simu ilikuwa ya mke mwenzangu, nyimbo zilikuwa za bibi zetu waliokwisha kufa, na umeme ulikuwa wa jirani ambaye hana habari mpaka leo. Changu kilikuwa uso mkavu wa kuviita vyote vyangu. Lakini nimewaona wenye makampuni makubwa, na nawaambia, nao hawakuanza na zaidi ya hapo.

Siwatu ndilo jina langu. Nilizaliwa nyumba ambayo watoto walikuwa hawakai, wazazi wakanipa jina hilo ili mauti yakipita kuuliza, yaambiwe humu hamna watu. Mauti yakasadiki, yakapita. Mimi nami nikasadiki kidogo, na tangu hapo, kila nikiitwa, kwanza natazama nyuma kuona anaitwa nani.

Mji ninaousimulia hauna jina. Ulikuwa nalo, ukaliazimisha, halikurudi. Asubuhi yake huja ikitaka, na barabara zake ukizipita kwenda zinakuwa nyingine wakati wa kurudi. Katikati ya mji limesimama Sikio. Sisemi kampuni yenye picha ya sikio mlangoni. Nasema sikio, lenye ndewe na mikunjo na vinyweleo, refu kuliko mnara wowote, limeutegea mji mzima kama mwanamke aliyebandika kichwa ukutani kusikiliza ugomvi wa majirani. Kila sauti ilipita humo kwanza. Ukiimba uwanjani, limesikia. Ukiimba chooni, limesikia zaidi. Kisha linawarudishia watu kile lilichokinai, limekilainisha, limekipaka mafuta, na watu wanashukuru kwamba leo tumepata muziki.

Nilipolitazama swali lilinipanda kama kwikwi, halijashuka. Wimbo ni wa nani? Ni wa koo lililoutoa? Ni wa sikio lililoupokea? Au ni wa bawabu aliyesimama katikati ameshika komeo?

Kwetu wimbo haukumwagwa juu ya watu kama maji ya kuoshea vyombo. Wimbo ulimwita mtu. Manju anaimba, anafika mahali tunapopaita kituo, ananyamaza. Kimya kile si cha kumeza mate, ni mlango. Yule anayeitwa ndiye anayeitikia, kila wimbo na itikio lake, na asipoitikia wimbo hauendi mbele. Nimeona harusi ambamo manju alisimama kwenye kituo huku wali unashika chini, moshi unatuingia machoni, kwa sababu bibi harusi ameona haya kuitika, na hakuna mwanamke hata mmoja aliyethubutu kukiruka kile kituo. Tulikula wali wa ukoko. Ndoa ilidumu. Itikio nalo halifundishwi darasani. Unaitwa, unaitwa tena, siku moja mdomo wako unajibu wenyewe na wewe mwenyewe unashangaa.

Basi bibi zetu walipoanza kwenda zao mmoja mmoja na nyimbo zao vifuani, mke mwenzangu Mwanamvua akasema tuziweke kwenye simu. Mwanamvua ana mikono ya mashine. Marehemu mume wetu alimwoa kwa sababu aliweza kutengeneza redio, mimi akanioa kwa sababu niliweza kumchekesha, na alipokufa ndipo tulipogundua kwamba mgeni katika nyumba ile alikuwa yeye. Studio yetu ilikuwa kabati lake la nguo. Mwimbaji anaingia, tunamfungia, anaimba katikati ya makoti. Marehemu hakuwa mtu wa kusikiliza alipokuwa hai, lakini makoti yake yalisikiliza vizuri mno: hayakujibu hata mwangwi.

“Tuiite nini?” Mwanamvua aliuliza.

“Muziki wa Siwatu.”

“Muziki wa hakuna mtu. Atapiga nani?”

“Basi sema wewe, mwenye mikono.”

“Itika.”

Nilitafuta kasoro nisiipate, nikanuna, nikakubali.

Itika ilifanya kazi hivi. Unapiga namba, sauti inaimba mpaka kwenye kituo, inasimama. Unaitikia, inaendelea. Na itikio lenyewe hatukulirekodi. Sikilizeni hapo, maana ndipo kampuni yetu ilipokaa yote: ndani ya mashine zetu hamkuwa na itikio hata moja. Mlikuwa na kuita tu. Usipojua la kujibu, wimbo unakusubiri, na kesho ukipiga unaukuta pale pale kama punda aliyegoma njia panda.

Tuliitwa na wenye mifuko, watu wanaolea makampuni machanga, chumba kina baridi ya kuhifadhia samaki.

“Mama, mteja asipojua jibu atafanyaje?” akauliza mmoja.

“Aende kwa jirani akaulize.”

“Aende? Kwa miguu?”

“Akiweza kuruka, aruke.”

“Lakini mama, wimbo unaosimama ni wimbo mbovu. Ondoeni hivyo vimya, tutawalea. Na mpango wenu wa kukua ni upi?”

“Sisi tumekwisha kukua, mwanangu,” nikamwambia. “Sasa tunasinyaa. Lakini tunasinyaa kwa mpango.”

Walicheka mpaka wakajifuta machozi, wakatusindikiza mlangoni kwa heshima zote, na mlango ukafungwa. Tulipofika nyumbani Mwanamvua akaingia ndani ya kabati, akajifungia, nikadhani analia. Nikasikia anaimba. Akafika kwenye kituo, akanyamaza. Nikaitikia nikiwa nje. Alipotoka macho yalikuwa makavu.

“Hatuondoi hata kimoja,” alisema.

“Hata kimoja,” nikasema.

Na hatukuondoa. Itika ikatambaa mji mzima kama mbegu za maboga. Watu walianza kubishiana hodi wakiulizana maitikio. Mtu aliyekuwa hajasalimiana na jirani yake tangu ugomvi wa kuku alionekana mlangoni kwake, simu mkononi, anaona haya: eti, bibi, huu wa kusindikiza mgonjwa unajibiwaje? Na yule bibi hakumwambia. Alimwimbia, akamwita, akanyamaza, akamtazama. Jioni zikawa ndefu kwa sababu hakuna aliyetaka kuzimaliza.

Hapo ndipo Sikio lilipokuja kuposa.

Lilimtuma msemaji wake, Bwana Taufiki, mwanamume mrefu mwenye kanzu iliyopigwa pasi mpaka ikawa na makali, na sinia kichwani mwa mpambe limefunikwa kitambaa cha kufuma. Aliketi mkekani kwa adabu, akalifunua sinia: kanga, uturi, sukari.

“Tumeona ua katika bustani yenu,” alianza.

“Ua lenyewe limechumwa, limevaliwa, na mvaaji amezikwa,” nilimwambia.

“Si nyinyi, bibi zangu. Itika. Wengine wananunua. Sikio halinunui, Sikio linaoa.”

“Lina wake wangapi?” Mwanamvua akauliza.

“Ni wengi, kwa baraka.”

“Wako wapi?”

“Wamo ndani.”

“Mbona hawasikiki?”

Bwana Taufiki alijirekebisha ukosi. “Wana raha.”

“Baba,” nilisema, “nimekaa uke wenza maisha yangu yote. Mwanamke mwenye raha husikika mtaa wa pili.”

Akatabasamu kama mtu anayelipia tabasamu lake. Kisha akasema kuna jambo moja dogo, dogo sana, la kurekebisha kabla ya ndoa. Vituo. Sikio halivumilii kimya. Kimya kinalitia kizunguzungu, na likipata kizunguzungu mji wote unayumba. Tuviondoe vituo, mengine tutakubaliana.

Mwanamvua akalifunika sinia, akamsogezea. Posa tukairudisha. Sukari nilibaki nayo. Sukari haikuwa na kosa.

Alhamisi iliyofuata nyimbo zetu zilitoka ndani ya Sikio. Sauti zile zile, hata kikohozi cha Bi Mkasi mwenye pumu, tuliyemrekodi kabatini, kilikuwamo, ila vituo vimeshonwa kama vidonda na juu yake pamepigwa ngoma laini isiyokwisha. Mwanamvua alisikiliza amesimama, mkono kifuani. Nyimbo ziliita na kupita, ziliita na kupita, hazikumngoja mtu. Watu walizipenda. Sitawadanganya, hata mimi kiuno kilitaka kutikisika, nikakikalia.

Kisha mji ukaanza kubadilika. Ukipiga hodi, husikii karibu. Mama anamwita mtoto, mtoto anatazama tu, anasubiri sauti ipite. Waliosalimiwa waliacha kuitikia salamu, wakafuata njia zao wakiivumisha puani ile ngoma laini. Na ugonjwa ukapanda mpaka kwenye siku zenyewe: Jumatano iliita, Alhamisi haikuitika, ikawa Jumatano tena, na tena, maziwa yakiganda na kuganduka katika kikombe kimoja.

Nilikaa sana katika Jumatano ile nikifikiri. Mimi ni nani kabla sijaitwa? Jiwe nalo lipo, lakini limewahi kusema nipo? Mtoto huzaliwa hana jina. Anaitwa kwa jina asilolijua, anaitwa, anaitwa, hata siku anapogeuza shingo. Ile shingo iliyogeuka, hiyo ndiyo mtu. Kumbe tunaumbwa na anayetuita, halafu tunajimalizia wenyewe kwa kuitika. Nusu ya mtu iko kinywani mwa mwingine. Sasa akija mwenye nguvu akaziba ile nafasi, hakuiba wimbo. Wimbo ni kitu gani, upepo wenye adabu. Ameiba zile shingo. Akikuzuia kuita, utanung’unika, utapigana. Lakini akikuachia uite upendavyo, kisha akahakikisha hakuna atakayepata nafasi ya kujibu? Utaita mpaka uchoke. Halafu utadhani hakukuwa na mtu tangu mwanzo.

Na jina langu ni Siwatu. Mimi jambo hilo nalijua kuliko wengi.

“Unawaza nini?” Mwanamvua akauliza.

“Nawaza kupigana.”

“Na Sikio?”

“Kwani kuna lingine?”

“Utalipiga wapi? Halina uso.”

“Nitalipigia kelele.”

Hatukupata nafasi ya kulishitaki. Lilitushitaki sisi. Msione ajabu, mwizi mkubwa huwahi kituo cha polisi. Sikio lilidai nyimbo ni zake, zimetungwa na mashine yake, nzima, hazina tundu, na vikongwe wawili wameziiba na kuzitoboa. Tukishindwa, Itika inafungwa, kabati linazibwa kwa nta, na mwanamke yeyote atakayetaka kuimba wimbo wa bibi yake, hata jikoni, hata kwa mtoto wake mgonjwa, ataomba kwanza ruhusa kwa Sikio.

Mahakama ilikuwa imepanga chumba ndani ya Sikio lenyewe. Tuliingia kwa tundu la ndewe, tukafuata njia zinazojikunja, kuta zina joto na zinadunda. Humo ndani sauti hazikujua wenyewe. Nilifungua kinywa kusema “shika mkono wangu”, ikatoka sauti ya Mwanamvua. Yeye akajibu “nimeushika”, ikatoka yangu. Tukasimama tukatazamana. Kwa muda sikujua ni yupi kati yetu ameolewa kwanza na ni yupi amelia zaidi.

“Sasa umeona nina sauti mbaya kiasi gani,” alisema kwa sauti yangu.

“Na wewe umeona yako inavyokuwa ikipata mwenye akili,” nikajibu kwa yake.

Tukacheka, na kicheko kikawa kimoja, tukaingia nacho mahakamani.

Hakimu aliitwa Mizani, mwanamke mwenye mabega yasiyolingana; la kulia lilishuka kila mkubwa aliposema, la kushoto lilishuka kila mdogo aliposema kweli, na siku hiyo la kulia lilikuwa linakaribia kiuno. Bwana Taufiki alikuwa amesimama nyuma ya meza, kanzu ile ile, viatu vinang’aa. Wimbo uliochaguliwa kupimwa ulikuwa mmoja, wa kumwita mtoto akaoge.

“Mtunzi wa wimbo huu ni nani?” Mizani alituuliza.

Ulimi wangu ulikwisha kujikunja kusema ni mimi. Mwanamvua akanifinya.

“Hatumjui, mheshimiwa,” nilisema. “Tuliukuta midomoni.”

“Mnasikia?” Bwana Taufiki akaruka. “Hawamjui! Sisi tunamjua mtunzi wetu, ni mashine yetu, iko ghorofani, nendeni mkaione. Wimbo huu ulizaliwa humu ndani. Kabla ya kutoka humu hakuna binadamu aliyewahi kuuimba, wala aliyewahi kuusikia.”

“Hata wewe?” Mizani akauliza.

“Hata mimi. Mimi nimelelewa na Sikio. Sina mama wa jikoni, sikuimbiwa na mtu. Naapa.”

Bega la kulia likashuka zaidi.

Mwanamvua akaomba auimbe pale pale. Akakataliwa: kwa sheria za mji ushahidi wa sauti unapokelewa kama sauti imeandikishwa na Sikio, na ya kwake haijaandikishwa. Nikaona jinsi tulivyofungiwa. Tulikuwa tumeingia katika koo la adui kujitetea mbele ya adui kwa lugha ya adui. Lakini nilikuwa nimeshaamua tangu ile Jumatano ndefu: wakifunga kabati tutaimba kwenye pipa, wakifunga pipa tutaimba ndani ya shimo la taka, na wakitutia nta kinywani tutapiga makofi.

“Mheshimiwa,” Mwanamvua akasema, “wanasema tundu tumetoboa sisi. Waulize basi, katika tundu lile panasemwa nini?”

“Hapasemwi kitu,” Bwana Taufiki akajibu. “Hakuna tundu.”

“Nyinyi mnasema panasemwa nini?” Mizani alimuuliza Mwanamvua.

“Nitakwambia wewe, kwa sikio lako mwenyewe, lile dogo.”

Akamwendea, akamnong’oneza. Mizani akakunja uso, kisha nikaona mdomo wake unazuia kitu. Sisi tulioitwa kuoga tunalijua neno hilo. Mama anazunguka nyumba na kata ya maji anaimba: nimekutafuta uvunguni, nimekutafuta darini, mwenye tope la jana uko wapi? Ananyamaza. Na mtoto aliyejificha, kajifunika uso kwa viganja akiamini kwamba asiyeona haonekani, anapiga kelele: Sipo! Hilo ndilo itikio. Vizazi vyote vimeitika hivyo, na vizazi vyote vimekamatwa hivyo. Mimi naliona kuwa neno zito kuliko yote aliyowahi kusema mwanadamu, maana ni nani huyo anayesema hayupo? Lakini halimo katika mashine ya Itika, na Sikio halikuweza kuiba kitu ambacho hatukuwa nacho.

“Wimbo wa Sikio na upigwe,” Mizani akaamuru. “Ule ulioandikishwa.”

Ningependa kusema nilipanga. Mwanamvua ameketi kando yangu ninaposimulia, kwa hiyo sisemi.

Wimbo ukapigwa. Ukatoka kwenye kuta, laini, umepakwa mafuta, na watu wote ukumbini wakaanza kuuvumisha puani. Uvunguni ukapita. Darini ukapita. Sauti ilikuwa ya Bi Mkasi, na chini ya ile ngoma mimi nilisikia kata inagonga ndoo. Mwenye tope la jana uko wapi, akauliza Bi Mkasi, na ngoma laini ikafuata hapo hapo bila kuacha hata upenyo wa unywele.

“Sipo!”

Ilikuwa sauti nyembamba, ya furaha, yenye kicheko ndani yake. Ngoma ikaendelea peke yake kidogo, kisha ikajikwaa, ikanyamaza. Sikio zima likayumba, tukashikilia viti. Watu wakageuka. Bwana Taufiki alikuwa amesimama nyuma ya meza yake, mrefu vile, kanzu vile, viganja vyote viwili vimemfunika uso.

“Bwana Taufiki,” Mizani alisema taratibu, “nani amesema hilo?”

“Sikusikia mtu,” alijibu ndani ya viganja.

“Uliapa hukuimbiwa.”

“Sikuimbiwa.”

“Basi unamficha nani huo uso?”

Akafunua vidole viwili, jicho moja likachungulia mlangoni, kama mtu anayetazamia kwamba atatokea mwanamke na kata ya maji.

“Simjui,” alisema. “Wallahi simjui.”

Lakini viatu alikuwa amekwisha kuvivua, vimewekwa sawa kando ya meza, na mkono mmoja unafungua vifungo vya kanzu.